Karl Weierstrass: Mtoro wa Bonn aliyefika kilele cha hisabati bila kusomea udaktari

ASUBUHI moja, kabla ya mwaka 1855, kelele zilivuma kutoka darasa moja la shule ya sekondari ya wavulana mjini Braunsberg, mji mdogo wa Prusia karibu na pwani ya Bahari ya Baltiki. Kipindi cha kwanza kilikuwa kimekwisha kuanza na wanafunzi walikuwa wamekwisha kuketi, lakini mwalimu wao hakuwapo.

Inasimuliwa kwamba mkuu wa shule alifunga safari mwenyewe hadi nyumbani kwa mwalimu huyo. Alimkuta ameinamia karatasi, mapazia yamefungwa na taa bado inawaka. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa amepitiwa na usingizi. Alikuwa amekesha akipiga hesabu na hakuwa na habari kwamba kumekucha.

Mwalimu alimwomba mkuu wake amsamehe kwa kukosa kipindi, akimweleza kuwa yu karibu kufikia ugunduzi ambao ungeishangaza dunia.

Maneno kama hayo, yakitoka kwa mwalimu wa sekondari anayekaribia umri wa miaka 40, yangeweza kuchekwa. Mtu huyo hakuwa na shahada yoyote ya chuo kikuu. Katika ujana wake alikuwa ameacha masomo ya sheria bila kufanya mtihani, akaingia chuo kingine kwa muda mfupi kusomea ualimu, na tangu hapo alikuwa akihamishwa kutoka mji mdogo mmoja hadi mwingine.

Jina lake lilikuwa Karl Weierstrass. Miaka michache baadaye alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Berlin, na hadi leo hakuna anayesomea shahada ya hisabati popote duniani asiyepita katika njia aliyoichonga.

Mwana wa ofisa wa kodi

Karl Theodor Wilhelm Weierstrass alizaliwa Oktoba 31, 1815, katika kijiji cha Ostenfelde, Westfalia, eneo lililokuwa chini ya ufalme wa Prusia na ambalo leo liko magharibi mwa Ujerumani. Baba yake, Wilhelm, alikuwa katibu wa meya, kisha akaingia katika idara ya kodi. Kazi hiyo ilimhamisha mara kwa mara, na mtoto akabadilishwa shule kila baba alipopewa kituo kipya.

Mama yake alifariki dunia mwaka 1827, na mwaka mmoja baadaye baba akaoa tena. Karl alikuwa mkubwa kwa wadogo zake watatu, Peter, Klara na Elise.

Mwaka 1829 aliingia shule ya sekondari mjini Paderborn. Fedha nyumbani hazikutosha, hivyo baada ya masomo alifanya kazi ya kutunza vitabu vya mahesabu ya biashara. Hata hivyo alipata muda wa kusoma jarida la hisabati lililohaririwa Berlin na August Crelle, ambalo lilikuwa gumu hata kwa walimu wengi. Alimaliza shule mwaka 1834 akiwa miongoni mwa wanafunzi bora.

Kwa baba, matokeo hayo yalikuwa na maana moja tu. Kijana angekwenda Chuo Kikuu cha Bonn kusomea sheria, uchumi na fedha, kisha angepata cheo kikubwa serikalini kuliko alichopata baba yake. Karl hakuulizwa anapenda nini.

Miaka minne ya utoro

Kijana hakuthubutu kumkatalia mzazi wake uso kwa uso. Badala yake alikwenda Bonn, akajiandikisha, halafu hakuonekana darasani.

Alijulikana zaidi katika mchezo wa upanga, ambao alikuwa na mwili na wepesi wa kuumudu, na katika mikusanyiko ya wanafunzi iliyokwenda na bia nyingi. Mihadhara ya sheria aliikwepa kwa sababu haikumvutia. Mihadhara ya hisabati nayo hakuifuata sawasawa, kwa kuwa hakuwa amepelekwa kusomea hisabati. Dhamiri ilimsuta kwa upande mmoja na moyo ulimvuta kwa upande mwingine, akabaki katikati.

Lakini kimyakimya alikuwa akisoma peke yake. Alipitia kitabu kikubwa cha Mfaransa Laplace kuhusu mwendo wa sayari, kisha kazi ya Mjerumani Jacobi kuhusu fanksheni za eliptiki, aina ya hesabu zilizozaliwa kutokana na jitihada za kupima urefu wa mikunjo kama ile ya duaradufu. Alisoma pia barua ya Niels Henrik Abel, kijana wa Norwei aliyefariki mwaka 1829 akiwa na miaka 26 tu, na kazi ya Abel ikawa dira ya maisha yake.

Mwaka 1838, baada ya miaka minne, alirudi nyumbani bila kufanya mtihani na bila shahada. Ni rahisi leo kuusimulia utoro huo kama hatua ya kwanza ya safari tukufu. Katika nyumba ya ofisa wa kodi haukuonekana hivyo. Fedha zilikuwa zimekwisha kutumika, wadogo zake walikuwa wakitazama, na mtoto wa kwanza hakuwa na cheti chochote mkononi.

Kubadili chuo, kubadili njia

Familia ilishauriwa na rafiki kwamba kijana apelekwe katika Akademia ya Münster, ambako angeweza kufanya mtihani wa ualimu wa sekondari kwa muda mfupi. Haikuwa njia ya kuelekea udaktari wala uprofesa. Ilikuwa njia ya kumpatia mkate.

Weierstrass alijiandikisha Münster Mei 1839. Huko alimkuta Christoph Gudermann, mmoja wa wanahisabati wachache wa wakati huo waliofundisha fanksheni za eliptiki. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza ya mihadhara hiyo walihudhuria wanafunzi 13, na kuanzia siku ya pili akabaki mmoja tu. Mtoro wa Bonn ndiye aliyebaki.

Alikaa chuoni hapo kwa miezi michache tu, akaondoka kwenda kujiandaa kwa mtihani. Mwaka 1840, kwa ombi lake mwenyewe, mojawapo ya maswali aliyopewa lilihusu fanksheni za eliptiki. Jibu lake lilikuwa utafiti mpya kabisa, na ndani yake aliikosoa waziwazi njia iliyotumiwa na Gudermann, yule yule aliyekuwa akimsahihisha.

Gudermann angeweza kumwadhibu. Badala yake aliandika katika tathmini yake kwamba kazi ya mtahiniwa huyo inamweka sawa na wagunduzi wenye sifa kubwa. Kwa bahati mbaya, sifa hizo hazikumfikia Weierstrass kwa ukamilifu. Alikuja kuzijua mwaka 1853, mwaka mmoja baada ya Gudermann kufariki dunia, naye akasema kuwa angalijua mapema angaliichapisha kazi hiyo mara moja.

Hapo ndipo palipo na hasara ambayo hakuna aliyeweza kuifidia. Mwaka 1841, akiwa anamalizia maandalizi ya ualimu, Weierstrass aliandika makala nyingine zilizobaki sandukuni. Mojawapo ilikuwa na kanuni ambayo Mfaransa Pierre Alphonse Laurent aliitoa mwaka 1843, na ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina la Laurent.

Mwandiko, mimea na mazoezi ya viungo

Baada ya mwaka wa majaribio mjini Münster, Weierstrass alipelekwa mwaka 1842 katika shule ya mji wa Deutsch-Krone, na mwaka 1848 akahamia Braunsberg. Miji yote miwili leo iko Poland, ya kwanza ikiitwa Wałcz na ya pili Braniewo.

Mbali na hisabati na fizikia, alifundisha jiografia, historia, Kijerumani, elimu ya mimea, mwandiko mzuri na mazoezi ya viungo. Mtu aliyekuwa akitatua usiku maswali yaliyowashinda maprofesa wa Ulaya aliamkia kuwafundisha watoto namna ya kushika kalamu.

Hakuwa na mwenzake wa kuzungumza naye hisabati, wala maktaba ya kumletea habari za utafiti mpya. Baadaye aliikumbuka miaka hiyo kama kipindi cha huzuni na uchovu usio na mwisho.

Alijaribu kutoa kazi zake kwa njia pekee aliyokuwa nayo. Shule za Prusia zilikuwa na desturi ya kuchapisha taarifa ya mwaka ikiambatana na makala ya mwalimu mmoja. Weierstrass alichapisha utafiti wake humo, katika taarifa zilizosomwa na wazazi waliotaka kujua maendeleo ya watoto wao. Hakuna mwanahisabati aliyezitupia macho.

Mwili nao ulianza kudai haki yake. Tangu mwaka 1850 hivi alishikwa na kizunguzungu kikali kilichoishia katika kutapika, na hali hiyo iliendelea kumjia kwa zaidi ya miaka kumi. Mchana wa vipindi na usiku wa utafiti vilikuwa vimekusanywa katika kiwiliwili kimoja, na ni katika hali hiyo ndipo mkuu wa shule alipolazimika kwenda kumgongea mlango.

Shahada iliyomfuata nyumbani

Mwaka 1854 jarida la Crelle, lile alilolisoma akiwa mvulana wa Paderborn, lilichapisha makala yake kuhusu fanksheni za Abel. Makala haikueleza kila kitu, lakini ilionyesha kwamba mwalimu asiyejulikana alikuwa na njia ya kulitatua swali kubwa lililoachwa na Jacobi.

Katika Chuo Kikuu cha Königsberg, ambako Jacobi alikuwa amefundisha zamani, profesa Friedrich Richelot aliisoma na kuielewa. Hakuuliza mwandishi alisoma wapi, alihudhuria mihadhara mingapi wala kwa nini aliondoka Bonn. Aliishawishi taasisi yake, na Machi 31, 1854 chuo hicho kikamtunukia Weierstrass shahada ya uzamivu ya heshima. Richelot alisafiri mwenyewe hadi Braunsberg kumkabidhi.

Hivyo ndivyo alivyopata udaktari, akiwa na umri wa miaka 38, bila kuandikishwa katika masomo ya udaktari, bila msimamizi na bila kutetea tasnifu.

Mambo yakabadilika haraka. Alipandishwa cheo shuleni, na mwaka 1855 akapewa likizo ya mwaka mzima ili afanye utafiti. Kukosekana kwake darasani, kulikomtia aibu mbele ya mkuu wa shule, sasa kulikuwa na kibali cha serikali.

Si kila mlango uliofunguka. Aliomba nafasi katika Chuo Kikuu cha Breslau, akakosa. Lakini mwaka 1856, baada ya kuchapisha makala ya pili yenye maelezo kamili, alipata kazi katika Taasisi ya Viwanda ya Berlin mwezi Juni, na katika vuli ya mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Berlin nacho kikamchukua kama profesa wa ngazi ya chini. Likizo ya Braunsberg haikuwa na marejeo. Hakukanyaga tena darasa lile kama mwalimu.

Profesa aliyefundisha ameketi

Berlin ilimpa heshima, ila haikumpa nafuu. Alifundisha katika taasisi mbili kwa wakati mmoja, na Desemba 1861 alianguka kabisa kiafya. Ilimchukua takriban mwaka mzima kurejea mbele ya wanafunzi.

Tangu hapo hakuweza kufundisha akiwa amesimama kwa muda mrefu. Aliketi kitini akisema, na mwanafunzi mmoja aliandika ubaoni kwa niaba yake. Katika hali hiyo ndipo alipofanya kazi iliyombadilishia jina kutoka mwalimu na kuwa baba wa uchanganuzi wa kisasa wa hisabati. Mwaka 1864 hatimaye alipewa uprofesa kamili.

Kazi hiyo inaweza kuelezwa kwa mfano. Kwa karibu miaka 200 wanahisabati walikuwa wakitumia kalkulasi kupima mwendo na mabadiliko, wakisema kwamba kiasi fulani kinakaribia kingine bila kueleza kukaribia huko ni kwa namna gani. Weierstrass alidai mkataba ulio wazi kama wa fundi na mteja. Mteja ataje kosa dogo kabisa analoweza kulivumilia, na fundi aonyeshe kipimo kitakachohakikisha kosa hilo halizidi. Kama fundi anaweza kujibu kila mara, hata mteja atake udogo wa namna gani, basi neno limethibitika. Kama hawezi, basi halijathibitika.

Mwaka 1872 aliwaonyesha wanachama wa Akademia ya Sayansi ya Berlin kwa nini ukali huo ulihitajika. Aliwasilisha mfano wa mstari usiokatika hata mahali pamoja, lakini uliojaa ncha kila mahali kiasi kwamba hakuna nukta hata moja ambapo mtu angeweza kuuwekea mwelekeo. Wengi walikuwa wameamini kitu kama hicho hakiwezi kuwapo.

Alichapisha kidogo. Mafunzo yake yalienea kwa daftari za wanafunzi waliomiminika Berlin kutoka nchi mbalimbali. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Georg Cantor, Hermann Schwarz, Georg Frobenius na Gösta Mittag-Leffler.

Mwanafunzi aliyezuiwa mlangoni

Mwaka 1870 alibisha hodi mwanamke wa Kirusi mwenye umri wa miaka 20, Sofia Kovalevskaya. Alikuwa amefunga ndoa ya makubaliano ili apate ruhusa ya kutoka Urusi, akasoma Heidelberg kwa idhini ya mhadhiri mmoja mmoja, na sasa alitaka kuhamia Berlin. Chuo Kikuu cha Berlin hakikuruhusu mwanamke hata kuketi na kusikiliza.

Weierstrass alimpa maswali magumu, labda akidhani hatarudi. Alirudi na majibu. Chuo kilipokataa ombi la kumpokea, profesa aliamua kumfundisha binafsi, bila malipo, kwa miaka minne, akimrudia mhadhara ambao wengine waliusikia ukumbini.

Ilipofika wakati wa shahada, Berlin haikuwezekana. Weierstrass akatafuta chuo cha tatu, Göttingen, ambacho kilikubali kupokea kazi tatu za Kovalevskaya badala ya moja na kumsamehe mtihani wa mdomo. Mwaka 1874 alitunukiwa udaktari wa daraja la juu kabisa bila kuwapo chuoni hapo. Mtu aliyepata shahada yake kwa sababu Richelot alisoma kurasa badala ya kumbukumbu za usajili alikuwa amelipa deni lile kwa mwingine.

Kovalevskaya alirudi Urusi, akakosa kazi iliyolingana na elimu yake, akaacha hisabati kwa miaka kadhaa na kunyamaza bila kujibu barua za mwalimu wake. Weierstrass hakumfutia jina. Aliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1880 alimpokea, na mwaka 1889 Kovalevskaya akawa profesa kamili mjini Stockholm, Sweden.

Kitabu cha mzee

Miaka ya mwisho ya Weierstrass haikuwa ya amani. Leopold Kronecker, aliyekuwa rafiki yake Berlin, aligeuka mpinzani mkali wa aina ya hisabati aliyoijenga. Mwaka 1885 mzee alifikiria kuhamia Uswisi, lakini akabaki kwa kuhofia kwamba mrithi wa kiti chake angechaguliwa kwa matakwa ya Kronecker.

Februari 1891 Kovalevskaya alifariki dunia akiwa na miaka 41. Weierstrass alizichoma moto barua zote alizokuwa ameandikiwa naye.

Hakuoa, wala wadogo zake watatu hawakuingia katika ndoa. Klara na Elise waliishi naye Berlin na kumtunzia nyumba. Miaka mitatu ya mwisho aliimaliza katika kiti cha magurudumu, na Februari 19, 1897 alifariki dunia kwa homa ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 81.

Miaka mitatu kabla ya kifo chake, mwaka 1894, juzuu ya kwanza ya kazi zake ilitoka kiwandani. Humo zilichapishwa makala za mwaka 1841 zilizokuwa zimelala sandukuni, pamoja na jibu la mtihani wa ualimu la mwaka 1840, lile ambalo Gudermann alilisahihisha na kulisifu. Wanahisabati waliweza kulisoma baada ya miaka 54, wakati mtahiniwa mwenyewe alikuwa hawezi tena kusimama.